Kiziwi wa Siku Tisa

Jumatatu, 2 Juni

Ifahamike kwa wote watakaolirithi daftari hili, wakiwemo wanangu, wajukuu zangu na yeyote atakayeliokota nyuma ya kabati: leo, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mbele ya shahidi mmoja, nimetolewa nta masikioni.

Shahidi ni muuguzi wa zahanati. Bomba la sindano lisilo na sindano, maji ya vuguvugu, bakuli la bati chini ya shavu. Sikio la kulia likatoa kitu kama harage. La kushoto likatoa kaka yake. Muuguzi akaniuliza kama nilikuwa nazifuga. Nikacheka. Kisha nikashtuka. Nimesikia swali! Na hakupiga kelele!

Miaka miwili nimekuwa kiziwi. Watoto walisema ni uzee. Mke wangu alisema ni malipo, kwa kuwa nimelishwa miaka thelathini na moja kwa kazi ya kusikiliza ya watu. Nilikuwa mpokea simu kwenye swichibodi. Zamani hizo ukitaka kuongea na bosi yeyote wa ofisi ile, ulipitia kwanza sikioni kwangu. Kumbe si uzee wala malipo. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini langu limesikia maji ya vuguvugu.

Nimerudi kwa miguu nikisikiliza kila kitu. Kiatu changu cha kushoto kinalia! Tangu lini? Watu wamenivumilia sana.

Nyumbani nikamkuta mke wangu kwenye karo, mgongo kwangu. Nikafungua mdomo nitangaze habari njema. Akaniwahi. Hakuwa anaongea nami, alikuwa anaongea na sufuria. Akaiambia kwamba mzee huyo karudi, na angekuwa mtu wa kusikia angetumwa apande azibue mfereji wa paa, lakini kumwita tu kunamaliza koo, bora mfereji uzibe na nyumba ielee.

Nikafunga mdomo.

Tangu nistaafu nilidhani naachwa nipumzike kwa heshima ya umri. Hakuna anayenituma dukani. Hakuna anayeniambia nianike godoro. Kumbe heshima yote ile ilikuwa uchovu wa koo! Na mimi nikaitibu kwa mikono yangu mwenyewe, tena kwa kupanga foleni.

Mke wangu akageuka, akajishika sikio, akainua kidevu. Maana yake: wamesemaje? Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Nikapaza sauti kama kawaida yangu: UZEE! Akanimiminia chai.

Nimeamua. Kuanzia leo najitia hamnazo. Siri hii ni ya watatu: mimi, muuguzi na daftari.

Jumanne, 3 Juni

Maisha matamu. Mdogo wangu wa kike amekuja kumtembelea wifi yake. Wameketi barazani wanachambua mchele, mimi kwenye kiti changu na gazeti. Wanaongea mbele yangu kama vile mimi ni mto wa kiti.

Niliyoyavuna kwa saa moja tu:

Koti langu la kijivu linanuka dawa ya mende. Wamekubaliana wote wawili.

Mdogo wangu huwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyenilea. Nimemzidi miaka sita!

Jirani yetu, yule aliyekuwa fundi saa hadi saa zenyewe zikahamia kwenye simu, anasema huniachia nishinde kwenye drafti kwa sababu mimi ni kiziwi na ni vibaya kumwonea mlemavu.

Hapo gazeti lilitikisika kidogo. Nikajifanya nafukuza nzi. Uso ukarudi kuwa ukuta. Hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Kwenye swichibodi nimesikia posa, matusi, watu wakifukuzwa kazi na watu wakisingizia ugonjwa, wala sikupandisha unyusi. Sheria ya kwanza ya mpokea simu: sikia, usitie neno. Sheria ya pili: laini ikiwa na mkwaruzo, shughulikia mkwaruzo.

Jumatano, 4 Juni

Ushindi! Nimecheza drafti na Fundi Saa uani kwake, kete za vifuniko vya chupa. Kwa kuwa kiziwi hasikii, yeye hufikiri kwa sauti. Leo ameniambia mipango yake yote bila kujua. Hapa namchimbia shimo. Hapa akila moja nakula tatu. Mzee huyu haoni hata kidogo.

Mzee huyu ameshinda michezo saba kati ya tisa. Fundi Saa alitazama ubao kama saa iliyorudi nyuma. Akauliza, kwa kelele na vidole, natumia dawa gani. Nikamjibu: SAMAKI!

Nyumbani, jambo dogo. Mlango wa chumba chetu unalia. Si kulia kwa kawaida, ni kama paka aliyekanyagwa na mtu mwenye roho mbaya, tena polepole. Mke wangu ameingia na kutoka mara sita kabla ya saa tisa mchana. Mara ya tatu nilisaga meno. Mara ya sita mwili wote ulikuwa umesimama vinyweleo. Miaka thelathini na moja sikuwahi kuacha mkwaruzo kwenye laini mpaka mwisho wa zamu.

Alipotoka kwenda sokoni nikachukua mafuta ya kupikia na nyoya la kuku. Bawaba tatu, matone manne kila moja. Nikafungua, nikafunga. Kimya. Kimya cha hariri! Nikarudisha chupa mahali pake, lebo ikiangalia nje kama alivyoiacha.

Kazi safi. Hakuna aliyeniona. Mlango nimeuacha wazi, na usiku nimeufunga mwenyewe alipolala.

Alhamisi, 5 Juni

Asubuhi mke wangu alifungua mlango wa chumba akasimama. Akaufunga. Akaufungua tena. Akagusa bawaba, akanusa kidole. Akanitazama kitandani, nami nikatazama dari kama mtu asiye na habari na ulimwengu.

Hakugundua chochote. Anayeficha siri kwa ustadi hulala usingizi mzuri.

Nimeona badiliko moja tu. Amekuwa msemaji. Anaongea na mifuniko, anaongea na ufagio, tena kwa ufasaha, kama msoma habari. Labda ni upweke.

Jioni alikuja mdogo wangu. Mke wangu akamwambia, barazani, hatua mbili kutoka kwenye kiti changu, kwamba ameamua kumwomba Fundi Saa aje Ijumaa azibue mfereji wa paa. Yule bado ana nguvu, akasema, ngazi anaipanda kama paka, na akimaliza atakula hapa, nitamwekea paja la kuku. Mdogo wangu akaitikia: eeh wifi, yule ndiye mwanaume, si hawa wengine wa kusoma gazeti la juzi.

Nikatazama tarehe ya gazeti. La juzi kweli.

Fundi Saa! Paa langu! Paja langu!

Ijumaa, 6 Juni

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa juu ya ngazi. Majani yaliyooza, kiota kitupu, mpira wa mjukuu uliopotea mwaka jana. Viganja viwili vya matope viliniingia kwenye kola. Maji sasa yanapita kama bomba jipya.

Mke wangu akatoka nje, akainua mikono juu kwa mshangao mkubwa sana. Nikamweleza: NIMEONA MAJANI TU, NIKASEMA NISAIDIE! Mdogo wangu, aliyekuwa amewahi sana leo, akapaliwa na chai. Akakimbilia ndani. Amekohoa huko muda mrefu. Inabidi aende kwa yule muuguzi.

Fundi Saa hakuja. Paja nimelila mimi. Nimewazidi kete wote, na hawajui hata kama kuna mchezo.

Jumamosi, 7 Juni

Wiki hii bahati inanifuata kama mbwa. Kila kinachopangwa kinyume changu nakisikia mapema, nakiwahi.

Leo asubuhi mke wangu aliuambia ufagio kwamba vitu vilivyo juu ya kabati vimekuwa makazi ya vumbi, na mnunua vyuma chakavu akipita atampa vyote, hata lile boksi. Boksi lile lina hedifoni zangu za kazini! Zimeshika sikio langu kuliko mke alivyowahi kunishika mkono. Alipoingia bafuni nikapanda kiti, nikapangusa kila kitu, nikakipanga upya. Vumbi likaangukia mapazia. Nikasikia akiliambia beseni kwamba kwa mapazia machafu namna ile aibu tupu, wifi atakwenda kusimulia. Nikafua mapazia. Maji ya mapazia yakamwagika sakafuni. Nikapiga deki.

Kufikia saa saba mgongo ulikuwa kama ubao wa drafti. Lakini sikutumwa! Hakuna mtu aliyenituma. Hiyo ndiyo tofauti.

Mchana nimepoteza michezo minane mfululizo kwa Fundi Saa. Alifikiri kwa sauti kama kawaida, nami nikazuia kila alichosema, na kila mara akapita kwingine. Nadhani umri unamfanya asahau anachofikiri. Masikini.

Jumapili, 8 Juni

Siandiki mzaha leo.

Baada ya chakula tulikuwa wawili tu. Mke wangu anapiga pasi, mimi kwenye kiti. Safari hii hakuongea na ufagio wala kwa ufasaha. Aliongea chini, macho kwenye shati langu, kama mtu anayehesabu mishono.

Alisema kwamba nilipokuwa kazini, nilikuwa nikirudi jioni namsimulia. Bila majina, sheria ni sheria, lakini namsimulia. Yule aliyekuwa akipiga simu kila siku saa nne kuuliza kama bosi yupo, halafu anakata, kumbe ni bosi mwenyewe anajichunguza. Yule aliyeposa kwenye laini mbovu akakubaliwa na mama mkwe. Akasema alikuwa akicheka mpaka aweke pasi chini. Sasa miaka miwili anaishi na kalenda. Unaitazama, ipo sahihi, iko ukutani, haikujibu.

Kisha akasema binti yetu amemwita kwake kwa miezi mitatu. Siku zote amekataa. Sasa anaona aende. Basi ni la Jumatano. Huko, akasema, angalau kuna kelele.

Halafu tukasikia harufu sote. Pasi ilikuwa imekaa kwenye kola. Miaka arobaini na moja sijawahi kumwona akiunguza nguo. Alitazama lile doa la kahawia, akalikunja shati vizuri, doa ndani, akaliweka juu ya mengine.

Nilikuwa na gazeti mkononi. Sikusoma hata neno.

Jumatatu, 9 Juni

Nimefikiri tangu alfajiri. Nikisema nasikia, nitarudi kazini: godoro, duka, karo, maisha yote. Tena nitaulizwa tangu lini. Nikinyamaza, Jumatano naye anapanda basi, na mimi nabaki na kalenda kweli, ile ya ukutani.

Nikaenda kwa Fundi Saa kuomba ushauri, bila kufichua chochote. Nikampigia kelele kwamba KUNA RAFIKI YANGU, alikuwa mgonjwa wa jambo fulani, akapona, hakumwambia mkewe. AFANYEJE?

Fundi Saa hakuinua kichwa kwenye ubao. Akajibu kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Kwamba huyo rafiki ni mjinga. Kwamba yeye amejua tangu Alhamisi asubuhi alipopiga chafya nyuma ya ukuta na rafiki akamwambia pole kutoka upande wa pili. Kwamba ndiyo maana tangu hapo anafikiri kwa sauti uongo mtupu, na rafiki ameuparamia wote kama samaki. Aende amwambie mkewe leo hii, na anunue samaki wengine, wale hawafanyi kazi.

Nami ningejibu nini? Mimi ni kiziwi! Nikasema: ETI? Akasema si kitu, cheza.

Nikacheza. Nimefungwa tisa.

Basi Fundi Saa anajua. Si neno, ni mtu mjanja, ameishi na mashine ndogondogo. Mke wangu, namshukuru Mungu, hajui lolote. Kwa hiyo bado kuna njia ya heshima. Sitakiri. Nitapona.

Jumanne, 10 Juni

Mpango: muujiza, saa kumi jioni, wakati wa chai, kwa njia ya chafya. Watu wengi wamezibuka masikio kwa chafya. Sina ushahidi, lakini inaingia akilini.

Asubuhi begi lake lilikuwa tayari kitandani, limefunguliwa, nusu limejaa. Nililipita mara nne.

Saa kumi. Chai mezani. Wapo mke wangu na mdogo wangu. Nikatoa mfukoni pilipili manga niliyoisaga kwenye karatasi, nikageuka pembeni, nikavuta. Nilikusudia chafya moja. Zilikuja kumi na moja. Ya saba ilimwaga maziwa. Ya tisa ilinitoa kwenye kiti. Nikainuka na machozi, nikashika masikio yote mawili, nikatangaza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti nzuri, ya swichibodi: jamani, nasikia!

Mdogo wangu alikuwa ameuma kitambaa cha meza.

Mke wangu akaweka kikombe mbele ya mdomo ili nisiuone, akasema kwa kunong'ona kwamba karibu nyumbani, mlango ulishamwambia.

Nikauliza mlango gani.

Akasema hajawahi kuona kiziwi anayekereka na bawaba. Miaka miwili mlango ule umelia, yeye ameuacha makusudi kwa sababu ulikuwa kitu pekee ndani ya nyumba kinachoongea. Alhamisi asubuhi ukanyamaza, ukanuka mafuta ya kupikia. Basi akajaribu na mfereji. Akajaribu na kabati. Mapazia, akasema, hakuyapanga, yalikuwa zawadi.

Mdogo wangu akakitoa kitambaa mdomoni, akacheka mpaka akaomba msaada. Akasema, kaka, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini wewe umelisikia lote na bado tumekuvunja mgongo! Akaaga akicheka. Nilimsikia mpaka kona ya pili. Masikio ni mzigo.

Tukabaki wawili. Nikamuuliza, nikiangalia maziwa mezani, kama na ile ya Jumapili ilikuwa mtego. Basi, binti, kalenda.

Akasema, baba watoto, mitego ilikuwa ya kuambia ufagio. Ile nilikuwa nakwambia wewe.

Akasema alingoja niseme neno hapo hapo. Alipoona nageuza ukurasa, akapanga begi.

Nikamwambia ukweli. Kwamba ukurasa sikuusoma. Kwamba nasikia tangu Jumatatu ile na nilinyamaza kwa sababu ya mfereji tu. Akasema mfereji! Akarudia: mfereji! Kisha akafuta maziwa, akamimina chai mpya, akavuta kiti upande wangu badala ya ule wa mbele, akasema haya, yule wa kujichunguza mwenyewe, ilikuwaje mwisho wake?

Nikamwambia. Siku moja alipiga, nikamjibu bosi hayupo, akauliza kwa hasira kaenda wapi. Mke wangu aliweka kikombe chini. Nikamsimulia wa laini mbovu, nikamsimulia wawili aliokuwa hajawahi kuwasikia. Chai ikapoa. Tukainywa hivyo hivyo.

Baadaye akampigia binti yetu, akamwambia mwezi huu hawezi, baba yako kaanza tena. Begi limerudi juu ya kabati, karibu na boksi langu.

Jumatano, 11 Juni

Tumeamka tukiongea. Tumeongea hadi saa tatu. Sijafurahi hivi tangu siku ya kustaafu, na siku ile ilikuwa na hotuba.

Saa tatu na nusu akaanza kunitajia kazi, polepole, bila kelele, koo lake likiwa zima kabisa. Karo kwanza. Jana kulikuwa na mgeni wa chai, juzi hakuosha kwa sababu ya mawazo. Kisha godoro. Kisha duka.

Nilikuwa nimejiandaa. Mtu mwenye akili hategemei mpango mmoja. Nilikwisha gundua, nikiwa bado kitandani, kwamba kosa langu lilikuwa kuchagua masikio. Sikio linasalitiwa na kila kitu, mlango, chafya, jirani. Goti haliulizwi maswali! Hakuna mtihani wa goti. Nikainuka kwenye kiti, nikatoa mlio mfupi wa kiume, nikakaa tena. Goti la kulia, nikamwambia. Limekaza. Kusimama kwenye karo siwezi, labda wiki, labda zaidi.

Alinihurumia sana. Alisema pole baba watoto, magoti si mchezo, hata mama yake aliteseka. Hakutilia shaka hata kidogo. Nilimwangalia usoni kwa makini nikaona huruma tupu.

Akaniletea kigoda na beseni la maji ya moto hapo hapo barazani, nisisimame. Akaketi karibu yangu na sindano na lile shati, anatoa kola iliyoungua ageuze upande wa pili, akasema niendelee na yule aliyeposa kwa mama mkwe.

Sikusimama hata mara moja. Zilikuwa sahani kumi na saba.